Namba ya Dada Aichi

Hadi leo, nikichana jani bichi la mgomba na ile harufu yake ya majimaji ikanifikia, namwona dada yangu Aichi amesimama uani kwetu Akheri, mwiba mkononi. Zilikuwa enzi za Mwingereza, na kati yetu ni yeye peke yake aliyekuwa amefika shule ya kati.

Jioni hiyo shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa amezunguka mlima kutoka Oldonyo Sambu. Binti yake alikuwa amejifungua mapacha, na alitaka Aichi aache shule akawalee.

"Msichana akishajua kusoma barua, inatosha," alisema, akipuliza uji wake.

Baba aliinamisha kichwa. Kwetu, neno la shangazi halikuwa na rufaa.

Aichi hakulia. Alikata vipande vya jani la mgomba, akakwaruza kwa mwiba tarakimu moja katika kila kipande, na mikwaruzo ikageuka myeusi tukitazama. Akatuita sisi watoto, wa kwetu na wa jirani, akatupanga duara: Moja, Nne, Mbili, Nane, Tano, na mimi, mdogo wa wote, nikawa Saba.

"Baba, hii ni laki moja, elfu arobaini na mbili, mia nane hamsini na saba. Izidishe kwa mbili."

Baba, aliyefundishwa hesabu na wamisionari, alichukua sleti shingo upande. Alipomaliza, Aichi alimgusa bega mtoto aliyeshika Mbili.

"Anza kusoma hapa, uzunguke."

Baba akasoma: mbili, nane, tano, saba, moja, nne. Akatazama sleti. Ilikuwa ileile.

"Bahati hiyo," alisema.

"Basi zidisha kwa tatu."

Safari hii ikaanzia kwa Nne. Kwa tano ikaanzia kwangu, nikavimba kichwa utadhani namba ile nimeizaa mimi. Hakuna aliyehama mahali pake. Ni pa kuanzia tu palipobadilika. Shangazi aliuacha uji ukapoa.

"Na kwa saba je?" baba aliuliza, sasa macho yanamwaka.

"Fanya mwenyewe, baba."

Kalamu ya jiwe ikalia juu ya sleti. Kisha baba akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, akatuonyesha: tisa tupu, safu nzima.

"Umeona, dada?" alimwambia shangazi. "Mtoto huyu bado hajamaliza. Mapacha tutawatafutia mlezi mwingine."

Shangazi alishusha pumzi. "Haya. Ila huyo mlezi asichelewe."

Aichi akarudi shuleni, na baadaye akawafundisha hesabu wasichana wengi wa pande zile.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama mchezo mzuri wa namba. Nilikuwa nimeshazaa binti yangu mwenyewe nilipoelewa kwamba jioni ile dada alikuwa akiyatetea maisha yake, bila kumvunjia mtu heshima. Na kwamba baba, pale alipoinamisha kichwa, alikuwa akiomba apatikane mtu wa kumpa sababu ya kumkatalia dada yake.