Boma Lililosubiri Daktari

Mifupa ililetwa nyumbani kwetu, mtaa wa Langas mjini Eldoret, Ijumaa jioni, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia iliyofungwa kwa kamba. Dada yangu aliibeba kichwani kutoka barabarani kama mtu anayetoka sokoni, akaisukuma chini ya kitanda cha wazazi kwa sababu hapakuwa na nafasi kwingine. Alikuwa mwaka wa kwanza wa udaktari. Mimi nilikuwa tanboi, msaidizi wa dereva katika malori ya masafa marefu, na siku hiyo lori letu lilikuwa limelala hapo mjini likielekea mpaka wa Malaba, kwa hivyo niliyaona yote.

"Ni nini hiyo?" Mama aliuliza. Alikuwa ametoka sokoni na karai lake la omena, mikono bado inanuka ziwa.

"Mifupa, Mama. Ya kujifunzia."

"Ya ng'ombe?"

Dada alitikisa kichwa. Mama akaweka karai chini polepole.

"Mtu wa nani?"

"Hatujui. Chuo kinatupa tu, tunapokezana."

"Kwa hivyo umeniletea mtu asiye na jina wala kwao, halafu mimi nilale juu yake."

Baba alikuwa akivua viatu mlangoni. "Mama Daktari," alisema, "huyo hakuja kulala. Amekuja kusoma."

"Wewe cheka. Akianza kuuliza njia ya kwao, utamwonyesha wewe."

Kisha akamgeukia dada, na sauti ikashuka. "Ni mwanamume ama mwanamke?"

"Mwanamke. Tunajua kwa nyonga."

"Basi ni mama wa mtu." Mama alifungua sanduku, akatoa leso safi, akaifunika ile katoni vizuri hadi pembeni. Jioni hiyo wazazi wangu walitandika godoro upande wa pili wa pazia, sebuleni, karibu na jiko. Mifupa iliporudi chuoni, vitabu vya dada vilikuwa vimeshapanda kitandani, na dada mwenyewe akiwa hapo katikati na kalamu mdomoni. Sijawahi kusikia mzazi yeyote akiulizia kitanda chake tena.

Mimi huikumbuka nyumba ile ya vyumba viwili kila ninapolala ugenini, na ugenini nimelala sana. Niliishia kidato cha nne, barabara ikanichukua, na kusema kweli niliipenda. Lakini kila tulipoteremka kutoka Timboroa na baridi ya Eldoret ikaanza kuingia dirishani, na harufu ya mashamba ya mahindi yaliyovunwa, moyo wangu ulikuwa unatangulia mbele ya lori.

Baba alikuwa karani wa ghala la mahindi. Alikuwa akisimama mlangoni akihesabu magunia yanayoingia, na vumbi lake limemkaa kifuani hadi leo. Pia alikuwa akikodisha shamba dogo mahali paitwapo Ziwa, nje kidogo ya Eldoret, analima kila mwaka. Zamani mavuno yakija, magunia yalikaa nyumbani mpaka Krismasi na sisi watoto tulipanda juu yake. Dada alipoingia udaktari, magunia yalipitia kwetu kama wageni wa kunywa chai. Shamba la Ziwa likafuata, likachukuliwa na mtu mwingine. Chai ya maziwa ikawa ya rangi. Dada alikuwa akirudi wikendi, anatazama huku na huku na kusema, "Nyumba imekuwa kubwa siku hizi," na Mama anajibu, "Tumejifunza kupanga vitu."

Hayo yote kila mzazi wa mtaa wetu aliyesomesha mtoto anayajua. Yetu yalikuwa na kitu kimoja zaidi, na ili nikieleze ni lazima niseme habari za kwetu ziwani.

Sisi Wajaluo, mtoto wa kiume hujenga nyumba yake ya ujana ndani ya boma la baba yake. Akishakuwa na mke na watoto, siku moja hutoka, anaanzisha boma lake mwenyewe. Hatoki hivi hivi. Yeye hubeba jogoo, mwanawe wa kwanza hubeba shoka, mke hubeba moto, na mzee wa ukoo huwatangulia kuwaonyesha mahali. Nyumba ya kwanza husimama siku hiyo hiyo na watu hulala ndani yake. Mtu ambaye hajatoka, hata akiwa na mvi, hesabu yake ni kijana katika boma la marehemu baba yake. Akifa hivyo, hana ua wa kwake wa kuzikwa. Na mdogo wake hawezi kumtangulia. Lazima angoje.

Baba alikuwa tayari kutoka mwaka ambao dada alipata nafasi ya udaktari. Mbao zilikuwa zimenunuliwa, jogoo ameshachaguliwa. Mbao ziliuzwa. Jogoo tulimla siku dada alipofunga sanduku kwenda chuoni, na Baba ndiye aliyemkata, akisema ana nyama ngumu kwa kiburi.

Kwa hivyo baba mdogo naye akangoja. Yeye aliishi kijijini, mvuvi aliyegeuka fundi wa mitumbwi, na kila mwaka alikuwa akipanda basi mpaka Eldoret kuja kuuliza jambo moja. Nakumbuka safari moja nilipokuwepo. Dada alikuwa mwaka wa nne. Baba mdogo alikunywa chai yake ya rangi, akaitazama ndani ya kikombe, kisha akatazama godoro lililokunjwa ukutani.

"Kaka, unalala chini?"

"Mgongo wangu unapenda."

"Na kule nyumbani unalala katika nyumba ya ujana. Mtu wa umri wako. Watoto wakipita wanauliza, huyu kijana ataoa lini?"

Mama akacheka hadi akashika ukuta. Baba naye alicheka, lakini mdogo wake hakuwa amemaliza.

"Mimi pia nina wajukuu sasa. Wanangu wamejenga mpaka boma la baba yetu limejaa kama soko. Siwezi kutoka mpaka wewe utoke. Toka, kaka. Hata kama ni nyumba ya nyasi, toka utupishe."

"Msichana amalize kwanza."

"Udaktari gani huu hauishi? Mimi najenga mtumbwi, ninaumaliza, unaenda majini. Huyu wenu mnamjenga tu."

"Huyu akizama, watu watazama naye," Baba alisema. "Acha tumjenge vizuri."

Nilimsindikiza baba mdogo hadi stendi. Njiani aliniambia, "Na wewe usipotelee Juba huko. Bila wewe hakuna wa kubeba shoka." Maneno hayo yalinifuata Kampala na Juba na Mombasa. Kila Baba aliponipigia simu, baada ya salamu alikuwa akiuliza niko upande gani wa mpaka.

Dada alimaliza. Siku ya mahafali Mama alivaa viatu vya kuazima vilivyombana, na hakukubali kuvivua hata ndani ya gari. Baadaye dada alisubiri mwaka mzima bila kupangiwa hospitali ya mafunzo, akilala kitandani kwake pale Langas na shahada yake, na wazazi bado chini kwenye godoro. Alipopata kazi ya kudumu, kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa kitanda kingine. Lakini kwa miaka ile kifua cha Baba kilikuwa kimeanza kupiga filimbi, na habari ya kutoka aliisogeza mbele msimu baada ya msimu. Kwanza astaafu. Kisha mvua. Kisha mimi niko Juba.

Hapo dada akafanya jambo ambalo lilizungumzwa ziwani kote. Alituma mafundi kutoka Eldoret, na lori la mawe na saruji, wakaanze kumjengea Baba nyumba kwenye shamba lake la urithi. Desturi aliijua, sote tunaijua. Ila aliona kwamba mawe yakishasimama, mzee hatapata tena sababu ya kuahirisha. Mafundi walikuwa wamefika usawa wa madirisha baba mdogo alipofika na kuwaambia washuke.

Alimpigia dada simu, na dada akaweka sauti wazi ili sote tusikie. Nilikuwa nimerudi, sina safari.

"Daktari, mwanangu. Hii nyumba ni ya nani?"

"Ya Baba, baba mdogo."

"Baba yako hajafika hapa. Nyumba imemtangulia. Sasa aingie kwa nyumba ya binti yake kama mgeni?"

"Niambie basi nifanye nini. Kifua chake kinaisha. Mimi ndiye ninayekisikiliza, ninajua."

Mara hiyo baba mdogo hakutania.

"Kama unajua," alisema, "mlete haraka."

Kuta zile zilibomolewa, mawe yakapangwa pembeni yangojee wakati wake. Lakini shida ilibaki. Nyumba ya kwanza hukandikwa udongo, na usiku wa kwanza udongo huwa mbichi, unatoa maji. Dada alisema Baba akilala ndani ya unyevu ule, hatatoka bomani kwa miguu yake. Baba alisema usiku mmoja hauui mtu. Walibishana karibu na jiko pale Langas, yeye na binti aliyemlipia karo, mpaka Baba akashikwa na kikohozi katikati ya sentensi, na dada akageuza uso akaitazama sufuria.

Tulipofika kijijini dada alikwenda moja kwa moja kwa mzee wa ukoo ambaye angetutangulia, akapiga magoti.

"Mzee, desturi inataka nyumba. Inataka na udongo?"

Mzee alifikiri. "Inataka nyumba isimame leo na moto uwake ndani."

"Basi ukuta uwe wa mabati."

"Atapikwa kama mandazi," mzee alisema, na watu wakacheka. "Lakini akubali mwenyewe. Mimi sina neno."

Baba alikubali, mabati yakaletwa, na asubuhi hiyo hiyo tulitembea kutoka boma la babu, mzee mbele, Baba na jogoo kwapani, mimi na shoka, Mama nyuma yetu na makaa ndani ya chungu. Baba alisimama mara nyingi njiani kutafuta pumzi, na kila aliposimama nasi tulisimama, hakuna aliyemsogelea, kwa sababu mwendo ule ulikuwa wake. Nilikata nguzo ya kwanza. Nimefanya kazi nyingi katika nchi nyingi, lakini ile sikutaka imalizike. Vijana wa ukoo walipigilia mabati, na jua likiwa bado juu ya ziwa, moshi wa Mama ulikuwa umeshatoka chini ya paa.

Dada, kwa kuwa binti halali katika nyumba hiyo ya kwanza, alilala kwa baba mdogo. Asubuhi alifika mapema, koti la baridi juu ya gauni la kulalia, kifaa chake cha kusikilizia shingoni. Baba alikuwa amekaa nje kwenye benchi, mlango wake nyuma yake, akinywa chai ya maziwa. Dada hakusalimu. Aliinua shati la mzee, akaweka kile chuma mgongoni.

"Vuta pumzi. Tena. Tena, Baba."

Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Dada akasikiliza upande mmoja, akasikiliza mwingine, akarudia. Kisha akashusha shati, akalipapasa kulinyoosha, akakaa chini kwenye majani yenye umande.

"Kifua ni kile kile cha jana," alisema. "Hakijaongezeka."

Wakati huo baba mdogo alikuwa ameshaingia kupitia pengo tulilokuwa bado hatujalitilia lango, kifungua mimba wake nyuma yake, wote wamevaa nguo za kazi.

"Ameamka?" aliuliza, huku akimwona.

"Kaa unywe chai," Baba alimwambia. "Nikimaliza kikombe tutazungumza habari zako."

"Chai?" baba mdogo alisema. "Nimengoja udaktari mzima, sasa nianze kungoja chai?"

Baba akasogea kwenye benchi kumpa nafasi, na Mama akaingia ndani kutafuta kikombe kingine.