Kiraka chenye Tamu

Watu wengine hukumbuka ukoo wao kwa picha za harusi. Sisi hatukuwa na picha. Tulikuwa na blanketi la kogo, la viraka, na kila kiraka kilikuwa na kipigo chake.

Kogo ni nyanya yangu, mama ya mama yangu, wa kijiji cha Boito. Alikuwa mwanamke mfupi aliyeshona kwa sindano ya gunia na kuua nyoka kwa jembe bila kukatiza mazungumzo. Kila likizo mama alinileta kwake kutoka kambi ya wachuma chai huko Kericho, tulikoishi na watu wa kila kabila na kuongea Kiswahili tu. Kikipsigis changu kilitosha kuomba chakula, basi. Kwa hiyo kogo alinisimulia kwa Kiswahili chake, kidole kikitembea juu ya viraka.

Kaki hii ilikuwa suruali ya babu. Siku babu alipomvunja kogo jino kwa kigoda cha kukamulia, kogo alimmwagia uji wa moto, na babu hakuketi vizuri mpaka mahindi yakavunwa. Nyeusi hii ilikuwa mwavuli wa jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. Yeye na kogo walipigana mpaka wakang'oa miche ileile ya chai waliyokuwa wakiigombania. Haya maua yalikuwa gauni la mama. Lilichanika siku mjomba, kaka yake mkubwa, alipomchapa kwa kamba ya ng'ombe kwa sababu alikubali kuolewa na mtu wa Kisii. Mtu huyo alikuwa baba yangu.

Nilizipenda hadithi hizo. Nilikuwa mtoto wa mkono mwepesi, na nilifurahi kujua mkono huo umetoka wapi.

Kwenye pembe moja palikuwa na kipande cha shati la bluu, katikati kimegeuka kahawia. Hicho kogo hakuwa na hadithi yake.

"Usivute hapo," alisema. "Hapo iko tamu."

Kogo, kama wengi wa rika lake, b yake ilikuwa p na d yake ilikuwa t. Nilimcheka kila aliposema "papa" na "taktari", naye akinirushia kandambili. Lakini neno hili halikunichekesha, kwa sababu nililielewa. Nilidhani palimwagika asali zamani. Akigeuka tu, niliitia ile pembe mdomoni nikainyonya. Ilikuwa na ladha ya moshi na sabuni ya kipande. Nikajiambia utamu uko ndani zaidi, nikanyonya tena.

Kuhusu baba nilijua jambo moja: alitoroka. Wakati wa fujo za kikabila, watu wa kwao walipochomewa nyumba, mama alinibeba mgongoni akakimbilia Boito, naye baba akashika njia ya kwao bila kugeuka nyuma. Mama alisema hivyo kwa sauti ndogo, mjomba kwa sauti kubwa. Nikamchukia baba kwa bidii. Shuleni nilimvunja pua msichana aliyeniuliza yuko wapi.

Kogo alikufa mwaka jana mvua zilipoanza. Baada ya mazishi, nilimkuta mjomba nyuma ya zizi akichoma vitu vya kogo: godoro, matambara, viatu. Alikuwa ameshika blanketi.

"Mjomba, hilo nachukua mimi."

"Hii plangeti ni takataka," alisema. "Imejaa chawa."

Nikakamata pembe. Akavuta, nikavuta. Tukazungushana kwenye matope kama fahali wawili, na waombolezaji wakaja na vikombe vyao vya chai kutazama. Alinipiga kofi, sikio likalia. Nami, mtu mzima mwenye mtoto, niliuma mkono wake mpaka akapiga ukemi. Nyuzi zikaachana, nikaanguka chali, mkononi nimebaki na ile pembe ya bluu. Yeye akatupa lililobaki motoni. Nililia kwa uchungu zaidi kuliko nilivyolia kaburini.

Mjomba akaona nilichoshika. Akacheka, damu ikimtoka kidoleni.

"Si ukae nayo! Papa yako alikuja hapa kukuchukua. Nikamwambia aruti kwao. Akakataa, anasema hawezi kwenda pila mtoto wake. Nikamkata na panga hapo kwa mlango, tamu ikamwagika mpaka kwa jiko."

Nilibaki nimekaa matopeni. Utamu haumwagiki mlangoni. Hata mtoto angejua.

"Nyamaza!" mama alimwambia kaka yake. Alisema nyamaza. Hakusema mwongo.

Baadaye, tukiwa wawili tu jikoni kwa kogo, mama alinimalizia hadithi bila kuniangalia. Kogo alimchania baba shati, akamfunga bega kwa leso yake, akampitisha katikati ya chai mpaka barabarani. Huko mbele hakuna ajuaye. Yeye mama alikuwa amefungiwa stoo, nikiwa mikononi mwake, na kaka yake aliapa kwamba akisema, atakatwa yeye.

Nilitaka kumpiga mama. Nasema kweli. Niliukunja mkono, nikaukunjua, nikatoka nje.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nikikinyonya. Na kogo hakunificha kitu. Kila likizo aliniambia, kidole chake kikiwa palepale, nami nikasikia neno nililolipenda.

Mjomba bado yuko, na Jumapili hukaa kiti cha mbele kanisani. Simsalimii.

Kile kipande nimekishona kwenye blanketi la binti yangu, kwenye pembe. Juzi nilimkuta anakivuta kwa meno.

"Usivute hapo," nikamwambia. "Hapo iko damu." Nilitamka d polepole, asije akakosea.

"Ya nani?"

"Ya babu yako. Alikuja kunichukua."