Safari ya Kuona Nyota za Bahari

Nikipita sokoni Kadutu, hapa Bukavu, asubuhi, pale akina mama wanapoanika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, harufu yao hunisimamisha. Wengine huwatia njaa. Mimi hukumbuka boksi la viatu chini ya kitanda ambacho hakikuwa changu.

Nilikuwa na miaka tisa. Katika kitabu cha shule kulikuwa na picha ya nyota za bahari, nyekundu, zimelala mchangani. Kwa kuwa ziwa Kivu halina kitu kama hicho, niliamini mchoraji ametudanganya. Papa akaniambia, "Ukikuwa wa kwanza mu classe, nitakupeleka uzione na macho yako." Hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito. Nikasoma mpaka nikampita hata mtoto wa mwalimu.

Tulisafiri siku mbili kwa basi, tukavuka Rwanda na Tanzania yote hadi pwani, kwa dada yake Papa, tante Faida, aliyeolewa huko bila kujaliwa mtoto. Kesho yake maji yalipokupwa tulishuka ufukweni watatu. Zilikuwepo kweli, kumi, ishirini, ndani ya maji ya kifundoni, nyekundu kama pilipili. "Hapa wanaziita viti vya pweza," tante akasema, nikacheka kumfikiria pweza akijiweka kitako. Papa alinishika mkono muda wote, jambo ambalo hakulifanya hata tukivuka barabara mjini.

Kisha akasema, "Baki na tante. Naenda kutafuta jus ya kunywa."

Niliokota nyota moja ya kumpelekea maman, nikangoja. Jua likapanda, maji yakarudi, na tante akawa hanitazami usoni. Tulipofika nyumbani kwa tante, mfuko wa Papa haukuwepo. Ndani ya mfuko wangu, chini ya nguo, nilikuta bulletin, ripoti yangu ya shule, na karatasi yangu ya ubatizo. Hata mtoto wa miaka tisa anajua kwamba mtu haendi kutembea ufukweni na karatasi ya ubatizo. Na karatasi ile ilikaa siku zote ndani ya Biblia ya maman. Kwa hiyo hata yeye alijua.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ya tatu nilipewa sare ya shule. Nyota niliificha ndani ya boksi, ikanuka mpaka tante akaitupa, bila kunigombeza. Alikuwa mwema, na hilo lilinichosha zaidi: sikuwa na wa kumchukia karibu.

Niliporudi Bukavu nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikamuuliza Papa, "Juu ya nini mimi, si mmoja wa ndugu zangu?"

Akasema, "Tante yako ndiye alinilea, wazazi wetu walikuwa wamekufa. Akaniomba mutoto. Singeweza kumupa mwenye sipendi sana."

"Na juu ya nini ulinidanganya?"

Akainuka, akatoka nje.

Miaka mingi nilidhani aliogopa nitalia. Sasa nina binti wa umri ule, na nadhani naelewa. Nilikuwa mtoto wa kutii. Angeniambia, ningesema ndiyo. Hilo ndilo aliloliogopa: kukaa kando yangu siku mbili ndani ya basi, na mimi nikijua.