Nambari Isiyokuwa Ukutani

Tangu Mama Msonyo aondoke, chumba cha kumbukumbu za hospitali kina ukimya wa aibu. Feni inazunguka, vidole vinagonga vibonye, majalada yanapanda na kushuka mezani, lakini ule msonyo mrefu, uliokuwa ukianzia nyuma ya meno na kumfuata mtu hadi nyumbani kwake, haupo tena. Watu wanakosea kwa raha zao.

Kazi ya chumba kile ni ndogo kwa kuitazama. Daktari anaandika ugonjwa kwa maneno; mtu wa kumbukumbu anautafuta kwenye kitabu kinene cha magonjwa yote ya dunia na kuupa nambari yake. Nambari ndiyo inayosafiri. Famasi inaisoma ndipo itoe dawa. Bohari kuu inaisoma ndipo ijue hospitali inahitaji nini. Maneno ya daktari hubaki ndani ya jalada pamoja na mende.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimewekwa chini ya birika la chai. Mkuu wa chumba, mtu mwenye kitambi cha vikao na kalamu tatu mfukoni ambazo hazikuwahi kuisha wino, alikuwa amebandika ukutani karatasi yenye nambari arobaini. "Magonjwa ya binadamu ni haya," alipenda kusema. "Mengine mbwembwe za madaktari." Ugonjwa usiokuwepo ukutani ulisukumwa mpaka ukafanana na jirani yake. Saratani ya damu, ije na sura yoyote, ilipewa C95.9: saratani ya damu ambayo aina yake haikutajwa. Wenzake wakamwita Tisini na Tano. Yeye, kwa akili zake, alidhani ni sifa.

Mama Msonyo alikaa chini ya karatasi ile miaka kumi na mmoja. Alikuwa mjane mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na binti mmoja aliyekuwa hachoki kumwambia, "Mama, hii dharau yako itakuua."

"Heshima imeua wengi zaidi, mwanangu. Nipe chumvi."

Alhamisi moja lilimfikia jalada la fundi viatu wa miaka hamsini na miwili. Mtu amechoka, chembe zake za damu zimepungua za kila aina, wengu umevimba hadi karibu na kitovu. Daktari alikuwa ameandika "saratani ya damu", akapiga mstari, akaagiza dawa kali za sindano zianze Jumatatu. Nyuma kabisa, limebanwa kwa pini, kulikuwa na jibu la maabara ambalo ilikuwa wazi halijafunuliwa na mtu. Uboho wa mfupa ulikataa kuvutika kwenye sindano. Chembe nyeupe zilikuwa na nyuzi pembezoni, kama nywele.

Alilisoma mara mbili, akaliondoa birika, akafungua kitabu. Ugonjwa ulikuwepo, na nambari yake: C91.4. Kisha akashuka maabara.

Mtaalamu wa maabara, mtu mpole asiyeulizwa kitu na yeyote, alishtuka kupata mgeni. Akamsogezea darubini. "Angalia hapa, mama. Chembe nyeupe ya kawaida ina ukingo laini. Hizi zimechakaa pembeni, kama kitambaa kilichofumuka."

"Na dawa za Jumatatu?"

"Hizo ni za saratani yenye mbio. Hii haina mbio, inajibanza kwenye wengu na uboho, inakaa. Ina dripu yake ya siku saba, na wengi wanarudi kazini. Ukimpiga hizo kali, utaua hata walinzi wachache waliobaki mwilini. Homa moja tu, basi."

"Ulimwambia daktari?"

"Niliandika."

"Uliandika!" Akasonya. "Bubu anamwandikia kipofu."

Sheria ya kazi yao ilikuwa moja: huandiki nambari kwa jibu la maabara peke yake, mpaka daktari auandike ugonjwa kwa mkono wake. Basi akamwandikia daktari karatasi ya kuuliza, na jalada akalikalia. Hadi Ijumaa mchana jibu halijaja.

"Mama, wiki inafungwa saa tisa," alisema Tisini na Tano, amesimama juu yake. "Umebakiza jalada moja. Weka tisini na tano, twende."

"Siyo tisini na tano. Ni ile yenye chembe za nywele."

"Za nini?"

"Nywele."

Chumba kizima kikacheka. Tisini na Tano akajishika kitambi. "Basi mpelekeni kwa kinyozi!"

"Kinyozi angemtazama kichwa kabla ya kunyoa," alisema. "Wewe hata kichwa hutazami."

"Naandika barua juu yako, bibie."

"Iandike. Ila ugonjwa wa kiburi haupo ukutani, utakwama."

Akalichukua jalada kwapani, akapanda hadi wodini, akasimama mbele ya daktari aliyekuwa akivua koti aende zake.

"Dada, mimi nimesomea haya miaka saba," alisema daktari bila kumtazama.

"Na jibu hili ni la mistari minne. Lisome, kisha unifukuze."

Alisoma akiwa amesimama. Akaketi. Akasoma tena, sikio likimwiva, kisha akafuta agizo la Jumatatu na kuandika jina la ugonjwa kwa ukamilifu. Hakusema asante. Watu wa aina ile huibania asante kama damu yao wenyewe.

Dawa ilipatikana bohari kuu siku ya nne. Ilikuwepo muda wote. Hospitali ile haikuwahi kuiomba hata mara moja, kwa sababu kwenye nambari zake ugonjwa haukuwahi kutokea.

Hapo wengine wangepumzika. Yeye alijiuliza swali ambalo chumba kile kilijengwa ili lisiulizwe: wangapi walipita? Akatoa majalada ya C95.9 ya miaka kumi na mmoja, akayasoma yote. Akapata watatu wenye wengu ule na nyuzi zile. Wote walipigwa dawa kali, wote wamekufa. Wawili walipewa nambari na Tisini na Tano. Wa tatu, mama wa watoto wanne, jalada lake lilikuwa na saini ya Mama Msonyo, mwaka wake wa kwanza kazini, na jibu la maabara nyuma, limebanwa kwa pini.

Siku hiyo hakusonya. Aliandika taarifa ya kurasa mbili, akaweka majina ya wote waliokosea, lake likiwa la kwanza, akaipeleka kwa mganga mkuu. Mganga mkuu aliisoma, akasifu uaminifu wake, akaifungia kabatini. Tisini na Tano alipewa onyo la mdomo, lugha ambayo mdomo wake unaielewa, na baadaye kikombe cha mfanyakazi bora. Barua ya uhamisho ilikwenda kwa aliyekiri.

Fundi viatu amerudi kwenye kibanda chake. Mama Msonyo yuko zahanati ya pembezoni mwa mji, dirisha la chanjo, anaandika tarehe za kuzaliwa za watoto.