Jalada Namba Kumi na Saba

Kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya kazini nililifanya kwa heshima. Nilikuta karatasi za mtoto zimetangulia karatasi za baba yake, nikazigeuza, baba akakaa mbele. Nikaendelea hivyo siku tatu, familia baada ya familia, huku nikijisifu moyoni kwamba Marekani yote hii ilikuwa inanisubiri mimi niipange. Siku ya nne nikaambiwa nimevuruga historia ya wilaya nzima ya Kanada. Lakini nikianzia hapo mtanicheka kabla hamjanijua, basi acheni nianze Louisville, siku ya kwanza.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sijawahi kuhama kwa kupenda, nimehamishwa. Kutoka milima ya Kivu Kusini nilihamishwa na vita, kutoka kambini Burundi nilihamishwa na ndege, na ndani ya Marekani nilihamishwa na binti yangu Rehema, ambaye kila alipopata kazi nzuri zaidi alinipakia garini pamoja na masufuria. Kwa hiyo mkisikia nimefanya kazi miji mitatu, msinione msafiri. Nilikuwa mzigo.

Louisville niliajiriwa kwenye ghala la makaratasi. Msimamizi wa ghala alikuwa Mkenya, mtu wa haraka. Aliniuliza:

"Mzee, umesoma mpaka wapi?"

"Nilimaliza sekondari."

"Poa. Hiyo sekondari uiache kwa mlango. Hapa hatusomi, tunatoa pini. Ukianza kusoma mambo ya watu, hiyo boksi moja itatuzeesha sisi wote."

Kazi yenyewe inaitwa kuandaa. Kabla karatasi haijapita kwenye skana, ile mashine inayoipiga picha na kuiweka kwenye kompyuta, lazima mtu aitoe pini, anyooshe kona zilizokunjwa na kuangalia kama hakuna mbili zilizogandana. Halafu kati ya faili na faili unaweka karatasi ya kutenganisha, yenye mistari myeusi minene, ili mashine ijue kwamba mambo ya fulani yamekwisha na ya mwingine yanaanza. Pini unaitoa kwa kidude chenye meno manne kama ya panya. Wiki ya kwanza kidude hicho kilitoa pini chache na ngozi nyingi. Nilirudi nyumbani na plasta vidole vitano, Rehema akaniuliza kama naandaa karatasi au napigana nazo.

Columbus, jimbo la Ohio, tulikaa mtaa wa Whitehall, kwenye majengo ya ghorofa ambako ukikohoa watu wa nchi nne wanakupa pole. Kazi ilikuwa ileile, ila sasa nilipandishwa hadi kulisha skana. Mkuu wa ukaguzi, yaani mtu anayehakikisha kila picha imetoka sawa, alikuwa mama wa Ohio mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Alipita nyuma yetu kila asubuhi akitamka sheria moja:

"Karatasi irudi ilivyokuja. Hata kama imelala kichwa chini, ni ya kwao, si ya kwako."

Nilimwitikia kila asubuhi kwa miaka miwili. Kuitikia si kusikia. Mnaoanza kazi hii, hiyo sheria ichukueni hapa bure, maana mimi niliilipia.

Buffalo, mpakani na Kanada, tulifika wakati Rehema alipopata kazi ya kutunza wazee. Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba moja huko Kenmore, nami nikaajiriwa Tonawanda, jirani na hapo, kwenye kampuni ndogo iliyojibana katikati ya viwanda. Mkuu wa zamu alikuwa Mrundi wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu sana. Kwa mdomo aliniita Mzee, kwenye barua za onyo aliniita Bwana.

Hapo ndipo yalipofika maboksi kutoka ng'ambo ya mto. Yalikuwa ya chama kidogo kinachotunza historia ya wilaya moja ya wakulima, upande wa Kanada, kando ya mto. Ndani mlikuwa na majalada arobaini, jalada moja kwa kila shamba, la kuwekea hati yake na barua mbili tatu, karatasi za zaidi ya miaka mia mbili. Maelekezo yalisema majalada yapigwe picha peke yake kwanza, halafu karatasi, kwa hiyo nilizitoa karatasi zote nikazilaza fungu moja juu ya meza. Namba ya shamba ilikuwa imeandikwa juu ya jalada tu. Kwenye karatasi haikuwepo. Hilo nililiona. Nililiona kama mtu anavyoona mawingu ya kijiji cha wengine.

Kisha nikasoma, nikiwa nimesahau kabisa kwamba sekondari yangu niliiacha mlangoni Louisville. Nilisoma polepole, kwa kamusi, na nikashangaa, kwa sababu wale walowezi wa kwanza walikuwa wakimbizi. Walikuwa wameshindwa katika vita upande huu wa Marekani, wakavuka mto na watoto na sufuria, wakapewa chakula cha serikali, shoka na jembe. Mashamba yalikatwa membamba na marefu, uso wa shamba kwenye maji na mkia msituni, ili kila mtu afike mtoni, maana mto ndio uliokuwa barabara. Walipima kwa mnyororo, mnyororo hasa wa chuma, wa futi sitini na sita, unaoburutwa na watu wawili matopeni. Na ili upewe hati ilikubidi kwanza ujenge nyumba na kufyeka miti ya mbele. Karatasi zile ziliita nchi hiyo tupu, halafu mstari wa chini zikataja njia ya zamani ya wenyeji inayokatiza shamba. Njia haijichimbi yenyewe. Mtu wa Kivu hafundishwi kusoma karatasi ya namna hiyo.

Shamba hukuchagua. Uliokota kikaratasi kutoka kwenye kofia, na namba uliyookota ndiyo yako. Kwa hiyo mtoto aliokota shamba la tatu, baba yake la ishirini na tisa, na mjomba akaenda la mwisho kabisa, kwenye kinamasi. Hilo lilinikera. Kwetu hata kwenye daftari la kanisa mtoto hatangulii baba. Nikaamua kuwakutanisha. Wazee mbele, watoto nyuma yao, wakwe pembeni. Nikazipanga vizuri hasa.

Alhamisi mkuu wa zamu alikuja kuzirudisha kwenye majalada. Akatazama, akafunua, akavuta kiti.

"Mzee, shamba la kwanza ni karatasi zipi?"

"Hapa tumeanza na mkubwa wa ukoo."

"Sikuuliza mkubwa. Nimeuliza la kwanza."

Akavua kofia yake, akaiweka juu ya meza polepole kama mtu anayeweka yai.

"Mtunza nyaraka wao anavuka Jumatatu kuja kukagua. Akikuta hivi, kazi hii wataichukua. Na ikichukuliwa, Mzee wangu, mimi sina mahali pa kukuficha."

Nilikuwa na umri ambao hakuna mtu anayekuajiri upya. Rehema alilipa nusu ya kodi ya nyumba, mimi nusu. Nikamwomba mkuu wa zamu anipe Ijumaa na Jumamosi.

Usiku sikufanya chochote cha kishujaa, nililala. Asubuhi nikakumbuka jinsi tunavyoulizana njia mlimani. Huko nyumba hazina namba. Ukimtafuta mtu unaulizia anayepakana naye, ukifika kwa huyo unaulizia anayefuata, mpaka unafika umenyweshwa maziwa mara sita. Na hati zile, kwa kukosa namba, kila moja ilitaja majirani: upande wa juu wa mto shamba la fulani, upande wa chini la fulani. Nikatafuta hati inayosema upande wake wa juu ni mdomo wa kijito. Hiyo ikawa ya kwanza. Nikamuuliza huyo: chini yako nani? Akanitaja. Nikaenda kwa huyo. Ijumaa yote nilitembea hivyo ukingoni mwa mto wa Kanada nikiwa nimekaa Tonawanda, safari ninayoipenda kuliko zote, maana kiti kilikuwa na mto wa sufi.

Jumamosi mchana nilikuwa nimefika kwa mjomba wa kwenye kinamasi. Majalada arobaini. Hati thelathini na tisa. Jalada namba kumi na saba lilikuwa tupu.

Mkuu wa zamu alinisaidia kutafuta. Tulikagua chini ya skana, ndani ya pipa, ndani ya mfuko wangu wa chakula.

"Mzee, niambie kweli. Uliifungia muhogo?"

"Kwa karatasi ya miaka mia mbili? Hata mimi nina mipaka."

Hakucheka. Nikamwonyesha hati ya kumi na sita: upande wa chini anakaa mjane. Ya kumi na nane: upande wa juu anakaa mjane. Na katika barua za majirani watatu, mjane huyohuyo amewaazima ng'ombe wake wa kulimia. Alikuwepo pale, amefyeka, analima. Ila hati yake haikuwepo, na hakuna aliyeweza kusema kama mimi ndiye niliyeipoteza. Hata mimi nisingeweza kusema.

Jumatatu alikuja mtunza nyaraka, mama mfupi mwenye buti za mvua. Mkuu wa zamu alitaka kuanza kwa kahawa. Mimi niliogopa nikinywa nitakosa moyo, nikamweleza yote nikiwa nimesimama: kupanga kwa ukoo, kurudisha kwa majirani, na jalada tupu. Akanisikiliza bila kubadilisha uso. Kisha akaketi, akapitia hati moja moja na orodha yake, saa nzima. Nilihesabu vigae vya dari.

Alipofika la kumi na saba akalifungua, akalifunga.

"Hili limekuwa tupu tangu nianze kazi," akasema. "Hati ilikuwa iandikwe kwa jina la mume, na mume alifia njiani kabla ya kuvuka. Mke akaokota namba, akalima, na hakuna aliyemwandikia. Hayo mengine uliyoyafanya ni mabaya sana, na usirudie. Lakini umezisoma zote. Jina lake uliliona popote?"

"Hapana, Mama. Kila mahali ni mjane."

"Basi," akasema, akaandika kitu kwenye orodha yake, nami nikaona mabega ya mkuu wa zamu yakishuka.

Kazi haikuchukuliwa. Mimi nilipata barua ya onyo iliyoanza na Bwana, na tangu siku hiyo hakuna aliyenipa karatasi isiyokuwa na namba. Nilifanya kazi mwaka mmoja zaidi, mpaka goti lilipokataa ngazi, wakanipa keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa mawili.

Sasa nimestaafu, yaani nafanya nilichokuwa nakitaka siku zote, kukaa. Vijana wa kanisani wanaofanya kazi ya skana huniuliza nina ushauri gani. Nawaambia msome, lakini mikono yenu isijue mnasoma. Halafu nawaeleza habari za mjane, kwa sababu ndiye mtu pekee katika kazi yangu yote ambaye bado namfikiria. Alikuwa amekaa katikati ya watu, juu jirani, chini jirani, wote wakilima kwa ng'ombe wake, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuandika anaitwa nani.

Wiki iliyopita Mama wa Chini, Mkongo mwenzetu anayepanga ghorofa ya chini yetu, alipanda kuniletea sombe, kisamvu cha kwetu, kama anavyofanya kila Jumamosi. Nikamkaribisha, nikamsimulia habari hizo mpaka mwisho, na kusema kweli sauti ilinitetemeka kidogo. Alinisikiliza akiwa ameshika mfuniko wa sufuria. Kisha akasema:

"Bon, Papa Rehema, unalilia mjane ya Kanada juu ya kukosa jina kwa karatasi. Miye niko hapa chini yako mwaka ya pili, unakula sombe yangu, unaniita Mama wa Chini, na jina yangu haujaiuliza hata siku moja."