Nge Wawili

Saa moja na dakika kumi jioni, siku ya Jumapili, baada ya sala ya magharibi, dada yangu alitoka uani akaniambia kwamba kesho yake hatokwenda kupasuliwa jicho.

"Mwezi umeshaingia kwenye nge," alisema. "Nitakwenda Jumatano, ukishatoka."

Nilikuwa nimerudi kutoka kazini nimechoka. Mimi ni mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi, na siku hiyo, japo ya mapumziko, tulikuwa tukipokea mabati. Sikuwa na nguvu za kubishana. Lakini kambi ya macho ilikuwa imepigwa Raskazone kwa siku nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi. Madaktari walitoka mbali na hawakumtoza mtu hata senti. Dada alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limekwisha kufunga, la kulia linaona kivuli cha mtu na mwanga wa mlango. Nafasi yake ilikuwa Jumatatu. Muuguzi aliyemwandikisha alituambia waziwazi kwamba anayekosa siku yake atapangwa mwishoni, vifaa vikibaki.

Hesabu ya nge tuliifundishwa na marehemu baba, hapa hapa Chumbageni, tukiwa wadogo. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na watu walimfuata kwa mambo ya falaki, elimu ya nyota. Unachukua siku ya mwezi mwandamo, unazidisha mara mbili, unaongeza tano. Kisha unagawa tano tano kwa zile buruji kumi na mbili za nyota, kuanzia ile ambayo jua limo. Pale hesabu inapoishia ndipo ulipo mwezi. Ukiangukia kwenye nge, basi hakuna kuoa, hakuna safari, wala chuma hakigusi mwili. Ilikuwa Agosti, jua katika Simba, na magharibi ile ndiyo iliyoingiza siku ya sita ya mwezi. Sita mara mbili, ongeza tano, kumi na saba. Tano kwa Simba, tano kwa Mashuke, tano kwa Mizani, mbili zinabaki kwa nge. Dada hakukosea.

Baba huyo huyo ndiye aliyepanga nyakati za sala za msikiti wetu kwa kupima kivuli cha kijiti, na aliwahi kututajia mapema usiku wa kupatwa kwa mwezi, ukapatwa. Miaka mingi nilitafuta mahali ambapo baba wa kivuli anaishia na baba wa nge anaanzia. Nilinunua vitabu vikuukuu, nikasoma peke yangu baada ya kazi. Sikupaona. Waliopima anga kwa subira zaidi, Baghdadi na kwingineko, walilipwa na wakubwa waliotaka kujua bahati zao. Hata yule Mzungu aliyegundua kwamba sayari huzunguka jua kwa njia ya duaradufu alipata sehemu ya riziki yake kwa kutabiri. Matabibu waliangalia mwezi kabla ya kushika kisu, na wakati huo hiyo ndiyo iliyokuwa elimu. Kutengana kwa kupima na kutabiri kulikuja baadaye, polepole, na katika nyumba nyingi hakujafika.

Basi kulikuwa na jambo moja nililolijua na baba hakulijua. Niliona litamaliza ubishi.

"Dada, hebu njoo uangalie juu," nikamwambia. "Hesabu ya baba ni ya zamani mno. Dunia inayumba kidogo kidogo, kama pia ya watoto inayokaribia kusimama. Tangu buruji zilipopewa majina, nyota zimehama karibu buruji nzima. Mwezi ule pale. Nge yule pale, na ile nyota nyekundu ndiyo moyo wake. Umeona walivyo mbali?"

Akainua uso. Mwezi ulikuwa juu ya paa la jirani.

"Mimi naona kitu kama taa yenye chimni iliyojaa moshi," alisema. "Nyota sizioni. Sema wewe, profesa wa darasa la saba. Mwezi utamfikia lini huyo nge wako?"

"Jumatano. Utakuwa naye Jumatano na Alhamisi. Kwa hiyo kesho hakuna nge yeyote. Kesho ni salama."

Alipapasa ukuta akaingia ndani. Nilichukulia kwamba nimeshinda, nikalala.

Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo dada," nikamwambia bajaji iko nje.

"Marahaba. Mrudishe huyo kijana. Leo nge wa baba yumo."

Nikaenda kazini. Nilijiambia kwamba bado kuna Jumatano, kama alivyosema mwenyewe. Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Jumatano alfajiri niliita bajaji tena. Nilimkuta amekaa kitandani, hajavaa buibui.

"Vipi tena? Nge si ametoka?"

"Wa baba ametoka. Wako ameingia."

"Dada, wangu ni nyota tu. Nilikueleza ili usiogope."

"Ulieleza vizuri sana. Umesema ndiye nge mwenyewe, ana moyo mwekundu, na umemwona kwa macho yako. Wa baba alikuwa wa hesabu."

"Lakini baba hakumwogopa huyu."

"Hakumjua. Angemjua angetukataza zaidi."

Nilisimama mlangoni na nauli mkononi. Maisha yetu yote nimemweleza mambo ya anga naye akanicheka: kwamba mwezi hauna mwanga wake, kwamba jua haliendi popote usiku. Hili moja aliliamini. Lilikuwa kweli, na aliliweka juu ya lile la baba kama mtu anayeongeza kufuli la pili mlangoni. Nilimbembeleza hadi nikachelewa kazini. Alhamisi sikuita bajaji. Jioni yake madaktari walifunga mahema wakaondoka.

Septemba jicho la kulia likazidi, akaacha kupika. Tukatafuta hospitali ya kulipia. Safari hii sikufundisha kitu. Nilikaa uani nikapiga hesabu ya baba kwanza, kisha nikatazama nyota, nikamtajia siku ambayo mwezi haukuwa kwa nge wa kwanza wala wa pili.

"Una hakika?" aliuliza.

"Nina hakika."

Akaenda, akapasuliwa jicho la kulia. Tangu hapo mimi ndiye ninayemtazamia siku, na majirani wawili wameshakuja kuuliza za kwao.

Wiki moja baada ya kufunguliwa kitambaa, mapema jioni, aliniita nimwonyeshe. Nge alikuwa ameinama upande wa magharibi. Aliufuata mkia kwa kidole mpaka mwisho.

"Kweli amepinda," alisema. "Na moyo mwekundu kweli. Ningekwenda ile Jumatano, nani ajuaye kingenikuta nini?"

Kambi ilikuwa ya bure. Jicho hilo moja, pamoja na matone na bajaji za kwenda na kurudi, lilitugharimu shilingi laki tisa na elfu sitini.