Mstari wa Bic kwenye Mguu wa Zéphirin

Wakaaji wote wa mtaa wanaarifiwa, kwa karatasi yenye mihuri miwili iliyobandikwa mlangoni mwa kituo cha afya, kwamba kuanzia muhula huu hakuna kidonda kitakachotibiwa nyumbani. Kila kidonda kitafikishwa kituoni, kitaoshwa kituoni, kitafungwa kituoni na kitapona kituoni. Neno la mwisho limepigiwa mstari.

Mama Adolphine wa Naviundu aliisoma karatasi hiyo mara mbili, kwa heshima. Ni binti wa fundi wa reli, na kwa miaka kumi na tisa alifua shuka na vitambaa katika hospitali ya kampuni moja ya migodi, hadi kampuni ilipotambua kwamba hospitali si madini. Kazi ile haikumpa cheo. Ilimpa macho: kwa kutazama kitambaa tu alijua kidonda gani kinaendelea vizuri na daktari gani anajisifu bure.

Jumanne moja mulamu wake Zéphirin, mdogo wa mumewe, alifika akichechemea. Zéphirin husukuma baiskeli yenye magunia matano ya makala, yaani makaa ya kupikia, kutoka upande wa Kinsevere. Mguu ndio injini yake, na hana ya akiba. Wiki iliyotangulia pedali ilimchana muundi. Yeye, kama nusu ya mji huu, alifungua kapsuli ya antibiotiki, ile nyekundu na manjano, akanyunyiza unga wake juu ya kidonda kama mtu anayetia samaki chumvi.

“Iko inakauka, ba mulamu,” alisema kwa fahari.

“Inakauka ku juu. Mu chini iko inapika bukari,” alijibu Adolphine, akimaanisha ugali unaochemka.

Kwetu hakuna anayeuliza kama kidonda kimepona; watu huuliza kama kimekauka. Na unga wa kapsuli hukausha upesi mno. Unaacha gamba gumu, zuri la kuonyesha majirani, na chini yake usaha unakuwa umejipatia nyumba yenye paa.

Adolphine alinawa kwa sabuni hadi viwiko. Akachemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe. Akatoa vitambaa vya shuka kuukuu alivyokuwa amevichemsha na kuvipiga pasi, akavilowesha, akavilaza juu ya gamba na kungoja. Hakukwangua. Gamba lililainika, likaondoka lenyewe, na usaha ukatoka bila aibu. Zéphirin aliwaita watakatifu wote wa parokia, mmoja mmoja.

Kisha Adolphine alichukua bic, kalamu ya wino, akachora mstari kuzunguka wekundu wote.

“Njo nini hii? Unanifanya carte ya Congo?” aliuliza Zéphirin, akiutazama mguu wake uliogeuzwa ramani.

“Ni mupaka. Wekundu ikibakia mu ndani, tutasafishia hapa. Ikivuka, tunaenda ku centre.”

“Kule banakata bantu miguu!”

“Banakata ya bale benye kuchelewa, juu bilonda yabo ilikuwa inakauka muzuri.”

Asubuhi wekundu ulikuwa umevuka mpaka kwa vidole viwili, na mwili ulikuwa wa moto. Adolphine hakubishana na mstari aliouchora mwenyewe. Walimpandisha mgonjwa kwenye baiskeli yake mwenyewe, mahali pa magunia, kisha Adolphine na Brigitte, mke wa Zéphirin, wakasukuma.

“Polepole!” alilia Zéphirin.

“Nyamaza,” alisema Brigitte. “Leo weye njo makala.”

Kituoni, muuguzi Chancelvie alifungua kidonda kwa wembe safi, akatoa usaha uliokuwa umejificha ndani zaidi, akapiga sindano ya pepopunda, akatoa vidonge vya siku saba. “Ni ya kumeza, papa. Ya kunyunyiza, hapana. Na umalize yote, hata ukisikia muzuri.” Kisha akautazama ule mstari wa bic, akautazama tena. “Nani alisafisha hii?”

Karatasi ya mihuri miwili ilikuwa ukutani nyuma ya kichwa chake pia. Walikuwa wamebandika nakala.

“Ni miye,” alisema Adolphine.

“Ulisafisha muzuri, mama. Kompresi yetu, bitambaa ya kufungia bilonda, ilishakwisha. Utaweza kuendelea?”

“Nitaweza,” alijibu Adolphine, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama anajua kuwasha moto.

Akaendelea siku kumi na nane: sabuni, maji yaliyochemshwa, chumvi, kitambaa kilichopigwa pasi. Kila asubuhi alichora mpaka mpya, mdogo kuliko wa jana. Zéphirin alilalamika kwamba anapoteza eneo. Siku ya kumi na tisa ngozi ilikuwa ya waridi, imefungika, na akaruhusiwa kusukuma baiskeli, lakini kwa magunia matatu.

Alipopita kituoni kuuonyesha mguu, Chancelvie aliubonyeza, akaridhika, akafungua rejista. Rejista ina safu moja tu ya kufunga vidonda, nayo ni ya kituo, kwa hiyo aliandika humo kazi ya Adolphine: mara kumi na nane. Katika ripoti ya muhula, idadi ya vidonda vilivyotibiwa nyumbani katika mtaa ule ni sifuri.